Kiti cha moto, karatasi za ukutani, kadi au kuandika kwa saa: marudio ya Kingereza utashika ipi?

Kila mwaka muhula wa tatu ukiingia, joto la Mombasa ndo linaanza kurudi, stafurumu ya skuli inakuwa na mada moja tu. Hawa fomu foo tuwarudishie vipi Kingereza? Mmoja anasema wape pepa za nyuma wamalize zote. Mwengine anasema waigize ndo wataelewa. Na kuna yule mkongwe wa karibu na dirisha, yeye anasema wasome kitabu upya basi, akishasema hivo anarudi kwenye mahamri yake, kwake mjadala umeisha.

Mie nimefundisha Kingereza upande wa Kisauni miaka ya kutosha na zote hizi nshazijaribu, nyengine zikanifaa nyengine zikaniaibisha mbele ya mkuu wa idara. Hapa nataka kuziweka nne kando kwa kando, zile ambazo waalimu wengi huwa wamekwama katikati yake: kiti cha moto, karatasi za ukutani, kadi, na kuandika kwa saa, yaani kwa muda uliopimwa, halafu wakasahihishana. Sitakwambia ipi ni bora kuliko zote manake hiyo haipo, darasa lako si darasa langu, na hata darasa langu la Jumatatu asubuhi si lile lile la Alhamisi saa nane mchana watu washashiba maharagwe.

Kwanza, unapima kwa kipimo gani?

Kabla hujachagua chochote angalia maksi zimelala wapi. KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kwa Kingereza ni maksi 200 kwa pepa tatu. Pepa ya kwanza ina 60: uandishi wa kazi, yaani barua, memo, ripoti na kadhalika, una 20, kujaza mapengo 10, halafu stadi za kusikiliza na kuzungumza 30. Ya pili ina 80: ufahamu 20, dondoo la kitabu teule, yaani kile kilichopangwa kisomwe kwa mtihani, 25, shairi au hadithi simulizi 20, sarufi 15. Ya tatu ina 60, insha tatu za 20 kila moja, ya kwanza ya kubuni na mbili za vitabu teule. Ukipiga hesabu vitabu teule peke yake vinabeba 65 kati ya 200, na insha ya kubuni na uandishi wa kazi zinaongeza 40 nyengine. Na jambo ambalo watu wanalipita mbio: hata zile 30 za kuzungumza, mtoto hazungumzi popote, anaziandika. Mtihani wote ni kalamu. Kwa hivo kila shughuli utakayoifanya, hata ikiwa tamu vipi, jiulize itafika vipi kwenye kalamu.

Halafu chukua karatasi kumi za moki, ule mtihani wa majaribio, si za wale wazuri wala si za wale wa mwisho, chukua za katikati, ukae nazo na chai uzigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza, hajui kitabu, anachanganya wahusika, anakuambia aliyekufa ndo aliyeoa. La pili, kitabu anakijua lakini hana ushahidi, kila pointi inaelea hewani. La tatu, anajua na ushahidi anao lakini kuandika ndo shida, aya hazina kichwa, sentensi inaanza Nyali inaishia Likoni. Mie nayaita mashimo matatu, na nusu ya makosa ya marudio yetu ni kuziba shimo ambalo halivuji.

Nlijifunza kwa kuumia. Mwaka mmoja nliwapa darasa langu kiti cha moto karibu kila wiki, darasa likachangamka mpaka watu wa madarasa mengine wakawa wanachungulia dirishani, nkajiona nimefika. Moki ikaja. Mtoto aliyeweza kumtetea mhusika kwa mdomo dakika tano mfululizo kwenye karatasi ameandika mistari minne. Yule yule! Shimo lao lilikuwa la tatu, mie nimeshughulika na la kwanza muhula mzima.

Basi kila moja hapa nimeiangalia kwa mambo haya haya: inavyokwenda, inaziba shimo lipi, muda na vifaa, nani anaachwa nyuma, mzigo wako wewe mwalimu, na inamfaa nani. Darasa ninaloliwaza lina watoto 56 na kipindi ni dakika 40.

KITI CHA MOTO

Inavyokwenda: mwanafunzi anakaa kiti mbele ya darasa, na akishakaa yeye si yeye tena, ni mhusika. Wenzake wanamhoji kwa Kingereza, kwa nini ulimdanganya mkeo, zile hela ulizipeleka wapi, na yeye anajibu kama mhusika mwenyewe. Sheria yangu ni moja, kila jibu litoke kitabuni, ukibuni darasa linagonga dawati.

Shimo inaloziba: la kwanza, na inaliziba vizuri kuliko hizi zote. Mtoto akishakuwa yule baba kwa dakika tano hamsahau tena, anajua anamuogopa nani, anamficha nini, na swali la sifa za mhusika likija kwenye dondoo anaandika kama anayemsema jirani yake. Inasaidia pia kidogo yale mazungumzo ya kujaza ya pepa ya kwanza, manake kuulizana na kujibizana kwa adabu ndo kazi yenyewe.

Lakini ngoja nikupe upande wa pili. Tulikuwa na kijana mmoja wa dawati la mwisho, mkono hajawahi kuinua tangu fomu wan, tukamkalisha awe baba mkali. Akakaa, akakunja mguu, akatuangalia kama tuna deni lake. Msichana mmoja akamuuliza kwa nini ulimuoza mwanao kwa nguvu. Akajibu kwa sauti nzito, "because I was hearing shame." Darasa likaanguka kwa kicheko. Sie wote twajua alikotoa, ni kusikia aibu, kama mtu asemavyo nasikia njaa, akaibeba nzima nzima akaiingiza kwenye Kingereza. Mie nkaona nisimkatize, ndo kwanza amefungua mdomo miaka minne hii. Wiki iliyofuata nasahihisha insha nakuta "hearing shame" kwenye karatasi tatu, na si zake! Yaani kosa likisemwa kwa mbwembwe linaambukiza kuliko somo. Siku hizi nakaa na kijikaratasi, naandika kila kosa la lugha linalopita, dakika tano za mwisho nayaweka ubaoni bila kutaja nani alisema, tunayanyoosha pamoja.

Muda na vifaa: kiti tu. Kwa kipindi kimoja watakaa wanne, watano ukikimbia.

Nani anaachwa: wengi! Kati ya 56 wanne wamekaa, kumi wameuliza, waliobaki ni watazamaji, na mtazamaji darasani baada ya robo saa ni mtu aliyelala macho wazi. Dawa yake ni kugawa viti saba, kila kikundi cha wanane na kiti chake, ila hapo kelele zake sikwambii, mwalimu wa hesabu wa jirani atasimama mlangoni akikuangalia bila kusema kitu.

Mzigo wako: hakuna cha kubeba nyumbani.

Inamfaa nani: darasa lililosoma kitabu lakini wahusika kwao ni majina tu, na darasa la mchana linalosinzia. Haimfai mwalimu aliyebakisha wiki mbili na insha zake ndo mbovu.

KARATASI ZA UKUTANI

Inavyokwenda: manila tano, zile karatasi kubwa ngumu, kila moja ina swali lake juu. Dhamira hii inajitokeza vipi, mhusika huyu ni mtu wa aina gani, mwandishi ametumia kinaya wapi. Vikundi vinazunguka, dakika sita kila kituo, na ukifika kituo huandiki kilichokwisha andikwa, lazima uongeze pointi mpya au uipe pointi ya wenzako ushahidi na namba ya ukurasa. Vituo vitano kwa dakika sita ni nusu saa, zinabaki kumi, na hizo kumi usizitupe kwa kusema haya tumemaliza. Kila mtu akae aandike aya moja ya lile swali la kituo alichoishia. Bila ile aya mmefanya matembezi tu.

Shimo inaloziba: la pili. Huku kulazimishwa kutafuta ukurasa ndo dawa ya pointi za hewani. Utaona kitabu kinafunguliwa na mtu ambaye hajakifungua tangu Pasaka.

Muda na vifaa: manila na makapeni, mia mbili mia tatu hivi imeisha. Shida yetu huku Pwani ni ukuta. Chokaa na unyevu wa bahari, selotepu inashika dakika kumi halafu karatasi inaanza kujikunja kwenye kona taratiiibu, mara puu, imemwangukia mtu kichwani, kipindi kimekuwa sarakasi. Nlihangaika mpaka mama mmoja wa jikoni skuli akanambia pika gundi ya unga wa ngano mwalimu, mbona sie tulibandika hivo na magazeti. Inashika. Lakini ikiwa darasa lako limebanana hakuna pa kupita, geuza mambo, watu wakae karatasi ndo zitembee, kila dakika sita ipitishwe kikundi cha pili. Kazi ni ile ile na hakuna anayekanyagwa.

Nani anaachwa: mwenye mwandiko mbaya. Kila kikundi kina msichana mmoja wa mwandiko wa kupendeza, basi ataandika yeye kila kituo na wengine wanamshikia kifuniko cha kalamu. Nimeweka sheria kila mtu aandike walau mara moja na aweke herufi mbili za jina lake. Ambaye herufi zake hazionekani popote ndo anasoma aya yake kwa sauti mwisho.

Hapa kuna ndugu yake, ile ya kugawana vipande. Aliianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake mwaka 1971 kule Austin, Texas, skuli zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weupe na weusi na wa asili ya Mexico na madarasani hawaelewani, akaona dawa ni kila mtoto ashike kipande cha somo ambacho wenzake hawana, wasiweze kumpuuza. Kwa mkusanyiko wa hadithi fupi inafaa sana, kila mtu kwenye kikundi anaishika hadithi moja, anakutana kwanza na wenzake wa vikundi vyengine wenye hadithi hiyo hiyo, halafu anarudi kufundisha kwao. Kwa riwaya ndefu sijaipenda, huwezi kukata riwaya kama muwa.

Mzigo wako: wa kati. Unatengeneza maswali mazuri, na baadaye mtu anakili yale yaliyoandikwa wapate wote, la sivyo mvua moja na manila zimekwisha.

Inamfaa nani: darasa linalojua hadithi lakini insha zake ni "mhusika huyu ni mwovu kwa sababu alifanya uovu".

KADI

Hii fupi, manake yenyewe ni nyepesi. Mbele ya kadi kuna swali, nyuma kuna jibu. Nani alisema maneno haya na akimwambia nani. Hii ni mbinu gani. Memo inaanza na nini na nini. Maneno mawili yanayotamkwa sawa yanaandikwa tofauti. Wanakatia maboksi ya biskuti, kila mtu anatengeneza ishirini, wawili wawili wanaulizana dakika tano za mwanzo wa kipindi. Unayoijua inaingia bahasha ya pili uirudie wiki ijayo, uliyoikosa inabaki bahasha ya kwanza uirudie kesho. Hiyo ya kupanga kwa visanduku aliieneza mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970, sie twatumia bahasha za kaki.

Kwa nini isiwe kusoma upya tu kama asemavyo mkongwe wa dirishani? Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke kule Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma, wengine wakakisoma tena, wengine wakajaribu kukikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena wakaongoza. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele. Ndo yale yale ya mtoto anayekwambia mwalimu jana usiku nlikuwa najua yote. Alikuwa anajua kweli, usiku.

Shimo inaloziba: la kwanza, na robo ya la pili, yaani zile nukuu. Inafika mpaka pepa ya kwanza, miundo ya barua na memo na maneno ya matamshi, na mapengo pia.

Inapokwama ni hapa: kadi inajibu nini, haijibu kwa nini. Mtoto anakwambia hiki ni kinaya, vizuri, kinafanya kazi gani hapa? Anakuangalia.

Muda na vifaa: dakika tano, na boksi la bure kutoka duka lolote la Kongowea.

Nani anaachwa: karibu hakuna. Mwenye haya anaulizwa na rafiki yake peke yake, na mtoto wa skuli ya kutwa anazipitia kwenye foleni ya feri Likoni au kwenye matatu kama ile miziki itamruhusu. Hii ndo ninayoipenda kwa watoto wa kutwa, manake nyumbani mtu hana chumba chake, kuna wadogo zake, kuna kuchota maji, lakini kadi ishirini zinaingia mfuko wa shati.

Mzigo wako: angalia kadi kabla hazijaanza kutembea. Ikitoka moja yenye nukuu amepewa mhusika si wake, watu kumi watalikariri kosa na watalitetea.

Inamfaa nani: anayesahau, anayekosa vipindi vipindi, na darasa lenye mwalimu ambaye ana dakika tano tu za ziada. Peke yake haimfai mtu anayetaka kutoka C kwenda B kwenye insha.

KUANDIKA KWA SAA NA KUSAHIHISHANA

Hii haina shangwe. Ukiitangaza darasani utasikia ule mguno.

Inavyokwenda: pepa ya tatu ni saa mbili na nusu kwa insha tatu, yaani dakika 50 kila moja, na insha isizidi maneno 450. Kipindi chetu ni dakika 40, kwa hivo insha nzima haiingii ikabaki nafasi ya kusahihisha, usijidanganye. Ukiwa na vipindi viwili pamoja sawa. Ukiwa na kimoja andikisha kipande, utangulizi na aya mbili, dakika 25, halafu 15 wabadilishane.

Kusahihishana ndo penye utamu na ndo penye matatizo. Mwongozo ambao waalimu wengi tunautumia kwa insha ya kitabu teule ni utangulizi 2, maudhui 12, yaani pointi nne za maksi tatu tatu, lugha 4, hitimisho 2. Mara ya kwanza nliwapa mwongozo huo nkawaambia haya mpeane maksi. Kijana mmoja akampa rafiki yake 19. Nkaisoma ile insha, hitimisho haina. Nkamuuliza 19 kwa lipi, akanambia mwalimu huyu twala naye viazi karai kila siku. Nkaelewa!

Kwa hivo sasa hakuna namba. Anayesahihisha anafanya vitu vitatu tu kwa penseli: duara kwenye pointi, mstari chini ya ushahidi, na alama ya kuuliza pembeni palipokosa maelezo ya kwa nini. Jina halionekani, wanaandika namba ya siri. Ukiona karatasi ina maduara manne na mstari mmoja, huyo hahitaji hotuba, amejiona mwenyewe.

Halafu ninawaongezea mzunguko mmoja wa lugha, wa kitu kimoja tu kila wiki. Wiki ya kwanza huwa ni "he" na "she". Watoto wetu wanamuanza mama kwa "she" na mstari wa tatu ashakuwa "he", na si ujinga, ni kwamba Kiswahili kinasema yeye kwa wote, mdomo haujazoea kuuliza ni mke au mume kabla ya kumtaja. Wape kazi ya kutia duara kila "he" na kila "she" kwenye karatasi ya mwenzao, kimya kimya, dakika nne. Nshaona mtu akikuta tisa kwenye ukurasa mmoja akashika kichwa. Wiki ya pili ni nyakati za vitenzi, ya tatu ni zile "a" na "the" ambazo sie hatunazo.

Shimo inaloziba: la tatu, na la pili kwa pembeni. Kwa insha ya kubuni pia inafaa, ila hapo mwongozo ni wa madaraja, A ni 16 mpaka 20, B 11 mpaka 15, C 6 mpaka 10, D 1 mpaka 5, na wanafunzi hawana jicho la kutofautisha 14 na 16, hata sie saa nyengine twabishana. Waambie watafute kimoja tu, ni wapi nlitaka kuendelea kusoma na ni wapi nlichoka.

Muda na vifaa: kalamu, karatasi, saa ya ukutani inayotembea kama mnayo.

Nani anaachwa: asiyeweza kuanza. Dakika 25 karatasi nyeupe, anachora mstari wa pembeni vizuuuri kwa rula, anaandika tarehe, anaandika swali, anapaka rangi nyekundu chini ya swali, kengele. Huyu mpe sentensi ya kwanza umwandikie wewe. Au dakika tano za mwanzo mwache amweleze jirani yake kwa mdomo, hata kwa Kiswahili, halafu ndo aandike. Kuna wenzangu watanikasirikia kwa hilo la Kiswahili kwenye kipindi cha Kingereza, haidhuru, mie nimeona linafungua mlango.

Mzigo wako: mkubwa hata wakisahihishana. Usizibebe zote 56, utazikuta chini ya kitanda Disemba. Chukua tano kila mara, zungusha, baada ya mara kumi na kitu umewapitia wote.

Inamfaa nani: darasa lenye shimo la tatu, na kila darasa lililobakiwa na chini ya mwezi.

Na pepa za nyuma? Hizo si shughuli, ni mali ghafi. Unaweza kuzitia kwenye yoyote kati ya hizi nne. Kumpa mtoto pepa kumi azimalize peke yake halafu umsomee majibu ubaoni ni kumchosha, tena majibu yenyewe anayanakili bila kuinua kichwa.

SASA WEWE UKO WAPI?

Kama una muhula mzima na kitabu hawajakishika, anza na kiti cha moto mara moja kwa wiki na kadi kila siku, karatasi za ukutani ziingie katikati ya muhula, kuandika kuanze mapema kwa vipande vidogo hata aya moja. Usisubiri wajue kitabu chote ndo waandike, nlisubiri nkasubiri.

Kama zimebaki wiki sita na zile karatasi kumi za moki zimejaa fungu la pili, karatasi za ukutani mara mbili kwa wiki na ile aya ya mwisho usiiruke hata siku moja. Fungu la tatu likiwa ndo kubwa, kuandika kwa saa, na kiti cha moto kibaki zawadi ya Ijumaa mchana.

Kama zimebaki wiki mbili usilete shughuli mpya wasiyoijua, nusu ya kipindi utaimaliza ukieleza sheria. Kadi na kuandika, basi.

Kama darasa lako ni la watu 15 wewe una bahati, kiti cha moto kwako kina maana tofauti kabisa, kila mtu atakaa. Kama ni 70 wamebanana watatu watatu, karatasi zitembee watu wakae, na kadi.

Kama wewe si mwalimu, ni mzazi una mtoto mmoja mezani usiku na Kingereza chako unasema kimekuishia zamani, kadi unaweza. Jibu liko nyuma, huhitaji kukijua kitabu, unauliza yeye anajibu. Na ukitaka kwenda mbele kidogo mwambie akusimulie kwa Kiswahili kwa nini yule mhusika alifanya vile, umsikilize mpaka mwisho, halafu mpe kalamu aandike hayo hayo kwa Kingereza kwa dakika kumi wewe ukiosha vyombo.

Na kwa wenzangu wanaouliza kama inafaa kuhangaika na haya ilhali mfumo unabadilika, wale walioingia fomu wan 2024 ndo wa mwisho wa 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, watakaa KCSE 2027. Wale wa gredi ya kumi ya mfumo mpya nao wana fasihi na wana kuandika, kadi zako zitunze. Gundi ya unga tu ndo usiitunze, inanuka siku ya tatu.